Vichaka vya matunda ya urembo Nairobi: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Malalamiko yanayorudiwa zaidi kuhusu vichaka vya matunda ya urembo ni matatu: havizai, vinageuka njano, au vinanata na kufunikwa masizi. Kwa yote matatu watu hukimbilia agroveti kununua chupa ya dawa. Lakini kosa kwa kawaida liko kwenye makasi, kwenye udongo au kwenye mpira wa maji, na hakuna chupa inayorekebisha hayo. Kwa hiyo chini ya kila dalili tumeanza na chanzo kinachoonekana mara nyingi, na tumetanguliza kinachopimwa kwa macho na kidole kabla ya kile cha kutoa pesa.

Kwanza hakikisha unajua ulicho nacho, maana matibabu ya kichaka kimoja huharibu kingine. Duranta ina maua ya zambarau au meupe na matunda ya rangi ya machungwa yaning'iniayo kama shanga. Pirakantha ina miiba na mashada mekundu au ya machungwa. Kotoneasta inafanana nayo lakini haina miiba. Karisa ina majani mazito yanayong'aa, miiba yenye panda na matunda mekundu, na ndugu yake wa kienyeji ni mtandamboo, ambao Nairobi wengi wanaujua kama mukawa. Kisha kuna kayaba ya fensi, nandina na muraya.

Majani tele, matunda hakuna

Anza na makasi. Duranta huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Fensi inayonyolewa kila baada ya wiki mbili au tatu hukatwa maua yake kabla hayajaonekana, mwaka baada ya mwaka, na mwenye nyumba hubaki akidhani amepewa mbegu mbovu. Chunguza ncha kumi za matawi, juu na ubavuni. Kama karibu zote zina kovu la kukatwa, umeshapata jibu, usitafute zaidi.

Si lazima uache fensi yote iwe msitu. Upande wa barabara endelea kuunyoa ulivyozoea. Upande wa ndani na sehemu ya juu uache miezi mitatu hadi minne, kuanzia mvua zinapoanza, iwe za Machi au za Oktoba. Ukitaka kupunguza wingi wake, tumia mkasi mdogo wa kupogolea badala ya makasi marefu ya fensi: chagua shina moja kati ya matatu, yale makongwe, ukate karibu na ardhi. Kichaka kitapumua na ncha zitabaki.

Pirakantha na kotoneasta zina tabia tofauti. Hizi huchanua kwenye matawi ya msimu uliopita, kwa hiyo ukizikata sana leo unaondoa matunda ya msimu ujao. Ngoja maua yafunguke ndipo uone mashada yako wapi. Kisha fupisha yale matawi mapya marefu yanayochomoza kupita mashada, uache majani mawili au matatu, na mengine usiyaguse. Vaa glavu za ngozi na miwani. Mwiba wa pirakantha ukivunjikia kwenye kidole karibu na kifundo, na kidole kikavimba, usiendelee kuuchokoa kwa sindano nyumbani, nenda hospitali.

Jambo moja ambalo husahaulika: mtunza bustani wa kulipwa kwa siku huonyesha kazi yake kwa fensi iliyonyooka. Usipomweleza, atanyoa. Funga utepe mwekundu kwenye sehemu isiyokatwa na mkubaliane.

Kama makasi hayahusiki, angalia kivuli. Ukuta wa mita tatu pamoja na ghorofa jipya la jirani vinaweza kuuficha mti uliokuwa ukizaa vizuri. Utazame saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Usipopata jua la moja kwa moja angalau saa tano au sita kwa siku, duranta, pirakantha na karisa zitatoa majani na maua machache tu. Nandina huvumilia kivuli kidogo. Kichaka kilicho chini ya mita moja kinaweza kuhamishwa mvua za masika zikikolea: chimba ukizunguka kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye shina, toa bonge la udongo lisilovunjika, punguza theluthi moja ya majani, na mwagilia siku hiyo hiyo.

Mbolea ya nitrojeni iliyozidi ni chanzo cha tatu. Samadi ya kuku, au mbolea ya CAN iliyomwagiwa nyasi kando ya kichaka, huleta matawi marefu, laini, ya kijani kizito, na maua hayaji. CAN ina nitrojeni asilimia 26, na mizizi ya kichaka haijui kwamba mbolea hiyo ilikuwa ya nyasi. Simamisha kwa misimu miwili. Baadaye inatosha mboji ndoo moja kwa kichaka kilichokomaa mvua zikianza, au gramu 50 za mbolea ya NPK 17-17-17 zikitawanywa umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye shina.

Baada ya hapo fikiria jinsia na umri. Kayaba ina miti dume na miti jike. Fensi iliyooteshwa kwa mbegu huwa na zote mbili, na dume hatazaa hata umpe nini. Angalia maua: ya dume ni kifungu cha nyuzi za chavua bila kitumba katikati, ya jike yana kitumba kidogo cha kijani. Pirakantha ya mbegu inaweza kukaa miaka kadhaa bila tunda, ilhali ya kipandikizi huwahi. Ukienda kwenye vitalu vya Ngong Road au Kiambu Road, nunua mche ambao tayari una matunda. Ni kipimo rahisi kuliko maneno ya muuzaji.

Na kile kichaka cha majani ya miiba na matunda mekundu cha kwenye kadi za Krismasi? Ni mti wa nchi za baridi, wenye dume na jike, na Nairobi haina majira yake. Pirakantha itakupa picha ileile kwa taabu ndogo.

Maua yanakuja lakini yanapukutika

Kiu ndiyo sababu kuu, hasa mgao wa maji ukikutana na jua la Januari na Februari. Sukuma kidole au kijiti sentimita 10 ndani ya udongo. Kama ni mkavu hadi mwisho, maua yatadondoka. Kichaka kilichokomaa kinahitaji debe moja la lita 20, mara mbili kwa wiki, likimwagwa polepole. Kunyunyiza juujuu kila jioni kunalowesha vumbi tu. Tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Dawa ya wadudu iliyopigwa wakati wa maua inaua nyuki, na bila nyuki tunda halishiki. Usipige chochote mashada yakiwa wazi. Ikibidi, piga magharibi nyuki wakiwa wamerudi.

Karisa ni kisa cha peke yake. Maua yake meupe hutembelewa zaidi na nondo wa usiku, na baadhi ya miche haizai vizuri kwa chavua yake yenyewe. Taa za usalama zinazowaka usiku kucha juu ya kichaka huwavuruga nondo. Panda mche wa pili kutoka kitalu kingine, au chukua brashi ndogo ya rangi uhamishe chavua kati ya miche miwili, maua yakiwa bado mapya.

Majani yanageuka njano

Hapa usikimbilie mbolea. Tazama manjano iko wapi kwanza.

Kama majani machanga yamekuwa njano huku mishipa ikibaki kijani, mti hauwezi kuchukua chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni lakini kimefungwa na chokaa. Nairobi chokaa hiyo hutoka kwenye mjengo: kifusi na saruji iliyomwagika kando ya ukuta, kisha vikafunikwa udongo mwekundu wa lori sentimita 15 na kuitwa bustani. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20, weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mwagia siki. Ukitoa povu, kuna chokaa au saruji. Unga wa chuma unaouzwa kwa bei rahisi hautasaidia hapo, kwa sababu nao utafungwa. Tafuta ule wa aina ya EDDHA, unaofanya kazi hata udongo ukiwa na chokaa, na ufuate kipimo cha lebo. Hilo ni suluhisho la muda. La kudumu ni kung'oa, kuchimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kutoa kifusi chote na kurudisha udongo mzuri uliochanganywa na mboji.

Kama ni majani ya chini, makongwe, yaliyogeuka njano yote na mishipa yake, na udongo una unyevu wa kawaida, mti una njaa ya nitrojeni. Hii ndiyo hali pekee katika sehemu hii inayoponywa na samadi.

Kama manjano imeenea mti mzima na udongo ni matope, mizizi inakosa hewa. Wakazi wa South B, Embakasi, Syokimau na Kitengela wanaujua udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji wakati wa mvua. Pima hivi: chimba shimo la sentimita 30 upana na kina, lijaze maji, yaishe, lijaze tena. Maji yakiwa bado yamo baada ya saa 24, usipande chini. Inua tuta la sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi, upana wa mita moja, kisha panda juu yake. Kuchimba shimo kubwa kwenye udongo mweusi na kulijaza udongo mwekundu ni kosa ambalo hata mafundi wa bustani hulifanya. Shimo hilo hugeuka beseni, mvua ya Aprili hulijaza, na mizizi huoza humo.

Kingo za majani zikikauka rangi ya kahawia na ukaona ukoko mweupe juu ya udongo, shuku maji ya kisima cha kuchimbwa. Maji mengi ya ardhini ya Nairobi yana sodiamu, bikaboneti na floridi. Kinga maji ya mvua ya paa kwenye tangi, na mara moja kwa mwezi mwagilia kwa maji hayo hadi yapenye chini kabisa, yaondoe chumvi. Ukiwa na vichaka vingi vyenye dalili hii, acha kubahatisha: peleka udongo na maji kupimwa kwenye maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Kabete.

Nandina ikiwa nyekundu mwezi wa Julai haiumwi. Ni baridi tu, na wengi huipanda kwa sababu hiyo hiyo.

Majani yananata na kufunikwa masizi meusi

Masizi yenyewe ni kuvu inayoota juu ya utomvu mtamu, na utomvu huo ni kinyesi cha wadudu wanaofyonza. Kupiga dawa ya kuvu ni kufagia maji mfereji ukiwa bado umefunguliwa. Geuza jani na ukague matawi. Vidoa vya kahawia kama magamba visivyotembea, ambavyo hubanduka kwa ukucha, ni wadudu magamba. Pamba nyeupe kwenye maungio ni vidung'ata. Wadudu laini wa kijani au weusi kwenye ncha ni vidukari. Ukitikisa tawi na wingu jeupe likaruka, ni inzi weupe, na duranta ni chakula chao.

Kisha fuata sisimizi. Wakiwa wanapanda na kushuka kwenye shina, wao ndio wanaowalinda wadudu hao dhidi ya maadui zao ili wanywe utomvu. Pogoa matawi yanayogusa ukuta na ardhi, ubakize shina moja au mawili kama njia, uzungushe utepe mpana wa karatasi, kisha upake grisi juu ya utepe huo. Usipake grisi kwenye gome lenyewe.

Kwa wadudu:

1. Kata na uchome au ufunge kwenye mfuko matawi yaliyojaa zaidi.
2. Rusha maji ya mpira kwa nguvu chini ya majani, siku tatu mfululizo. Vidukari wengi huishia hapo.
3. Changanya kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache, subiri siku mbili, kisha piga mti wote jioni, chini ya majani hasa. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani, iache.
4. Kwa magamba sugu ongeza mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita. Usipige jua likiwa kali wala mti ukiwa na kiu.

Dawa ya kemikali iwe ya mwisho, na iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu, kwenye lebo. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa bila lebo, hata kwa shilingi hamsini, usiitie mkononi. Ukiona dawa ya pili imeshindwa, usiongeze nguvu ya kipimo. Peleka tawi lenye wadudu kwenye mfuko kwa afisa wa kilimo au kliniki ya mimea.

Mwenye muraya na malimau pamoja akague zaidi. Muraya ni jamaa ya malimau, na huweza kuwahifadhi wadudu wanaoeneza ugonjwa unaoua michungwa.

Unga mweupe, madoa, nukta za kijivu

Unga mweupe juu ya majani machanga huja Juni hadi Agosti, kukiwa na mawingu na hewa haipiti. Punguza matawi ya katikati, mwagilia chini badala ya juu ya majani, na salfa ya kunyunyiza ikihitajika. Madoa meusi baada ya mvua: okota majani yaliyoanguka na uyatupe mbali. Nukta ndogo za kijivu pamoja na utando mwembamba wakati wa kiangazi ni utitiri, hasa kwa vichaka vya kando ya barabara ya vumbi. Osha majani kwa maji mara mbili kwa wiki.

Mti unanyauka au tawi linakufa

Unanyauka na udongo mkavu: mwagilia, ungoja hadi asubuhi. Unanyauka na udongo umelowa: mizizi imeoza. Fukua kando upate mzizi mwembamba, uvute. Ganda likivuliwa na kubaki uzi, au ukinuka, simamisha maji. Ikiwa zaidi ya nusu ya mizizi iko hivyo, ng'oa, na usipande kingine hapo kabla ya kurekebisha njia ya maji.

Mche wa mwaka mmoja au miwili unaodumaa kisha kufa, ufukue. Mara nyingi utakuta karatasi nyeusi ya kitalu bado imo, imechanwa chini tu, na mizizi imejizungusha ndani kama kamba. Wakati wa kupanda vua karatasi yote, kata mizizi iliyojizungusha, na usizike shina kupita lilivyokuwa kitaluni.

Njia za udongo zinazopanda kwenye shina ni za mchwa. Tafuta mbao za mjengo zilizofukiwa na uzitoe. Mchwa hufuata mbao, kisha humalizia kichaka kilichodhoofika. Wakiwa wameelekea ukuta au msingi wa nyumba, hiyo si kazi ya bustani tena, ita kampuni ya kuua wadudu yenye leseni.

Tawi lililogusa nyaya za umeme za juu ya ukuta lisikatwe kabla ya kuzima mashine yake. Lililofika kwenye laini za Kenya Power usiliguse kabisa, hata kwa mpini wa mbao; wapigie wenyewe.

Matunda yanatoweka yakianza kuiva

Ni kuzumburu na shore. Wakija kundi, shada la pirakantha huisha asubuhi moja. Wavu wenye matundu madogo, uliovutwa ukakaza, huwazuia. Ukilegea, ndege watanaswa humo. Sumu ya kutega ndege isifikiriwe hata kidogo, maana itamuua na paka wa jirani. Wengi huacha upande mmoja uwe wa ndege. Lantana usiipande kwa ajili yao: watabeba mbegu hadi kwenye misitu ya jiji, ambako imeshasumbua vya kutosha.

Mtoto au mbwa amekula matunda

Matunda ya duranta na nandina yana sumu, na ya lantana ni hatari hasa yakiwa mabichi. Ya karisa, mtandamboo na kayaba huliwa yakiiva. Lakini mtandamboo una mfanano wa kutisha na msunguti, mti unaotumika kutengeneza sumu ya mishale, unaomea kwa asili maeneo ya Nairobi na wakati mwingine huachwa kwenye ploti kwa urembo. Yote miwili ina maziwa meupe, maua yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau iliyokoza. Tofauti iliyo wazi ni miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna. Kichaka kisicho na mwiba, matunda yake yasiliwe. Wala matawi yake yasichomee nyama.

Aliyekula asitapishwe. Toa mabaki mdomoni, msukutue kwa maji, na mwende hospitali mara moja bila kusubiri dalili, mkiwa na tawi lenye majani na matunda ndani ya mfuko. Mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo na tawi hilo hilo.